Mwanamke wa Kwenye Pakiti ya Chai

Alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini hata yeye alilisikia kwa nadra, labda siku ya kuitwa zahanati. Shamba zima lilimwita Cherehani, na aliyempa jina hilo hakukosea. Akisimama mbele ya mstari wa michai, mikono yake miwili ilikwenda bila kupumzika wala kugongana, na ukitupa jicho nyuma yake unaikuta michai imenyolewa sawasawa kama vichwa vya watoto siku ya kufungua shule. Majani mawili na chipukizi katikati, basi. Ukizidisha ni tamaa, ukipunguza ni uvivu. Masharti hayo aliyashika kwa vidole. Kichwa chake wakati huo kilikuwa huru, na kwa kawaida kilikuwa kinabishana na mama mkwe wake.

Mama mkwe ndiye aliyemfundisha kazi. Fungate haijaisha, bi harusi alikabidhiwa tenga la mgongoni, akasimamishwa mbele ya mchai, na kila alipovunja jani la kizee alichapwa vidole. Mume alikuja kufa kwa homa, Mungu amrehemu, mtu mpole asiyekuwa na mengi. Wakabaki wanawake wawili katika chumba kimoja, wakipendana kwa njia yao, yaani kwa kugombana kutwa.

"Unachuma kama mwizi," mama mkwe alizoea kumwambia. "Chai haina miguu, mwanangu. Unaikimbilia nini?"

"Sikimbilii chai, mama. Nakimbilia chumba."

Hapo Cherehani hakuwa anatania. Pale shambani kulikuwa na sheria moja ambayo watoto waliijua kabla ya kujua kusoma: mkono ukitoka kwenye chai, mguu unatoka chumbani. Vyumba vilikuwa vya kampuni, mistari kwa mistari ya matofali na mabati, kila mlango umepakwa rangi ileile ya kijani iliyobaki kiwandani. Mchumaji akiwa kazini, chumba chake, na anaruhusiwa kukaa na watoto wake wadogo na mzee wake asiyejiweza. Akiacha kazi, akifukuzwa au akifa, godoro linatolewa nje.

Mama mkwe alizaliwa mstari wa tatu, mlango wa pili kutoka bombani. Akaolewa mlango wa nne. Akazaa humohumo, akachuma mpaka vidole vikajikunja vyenyewe na magoti yakamgomea, ndipo akageuka kutoka mwenye chumba akawa tegemezi wa mkwe wake, bila kuhamisha hata kijiko. Ukimwuliza kwao ni wapi, anakuonyesha bomba. Hawakuwa na kiwanja popote, wala ndugu wa kuwapokea, wala kaburi la kulia nje ya shamba lile. Wote wawili walilala chini ya mikono ya Cherehani, na Cherehani alilijua hilo kila alipoamka.

Sasa mashine ilipofika, wanawake waliitwa kuipokea. Sijui ni nani aliyelipanga jambo hilo, ila ningependa siku moja kumwona uso. Walipangwa pembeni mwa barabara, wakapewa soda ya moto, wakaambiwa wapige vigelegele. Nao wakapiga, maana mtu akishakunywa soda ya watu atafanyaje? Mashine ilikuwa ya manjano, ina meno mbele kama kitana na mfuko mkubwa nyuma, na juu yake ameketi kijana mmoja aliyeziba masikio. Ikapita juu ya michai ikinguruma. Ikachuma majani mawili, ikachuma majani kumi, ikachuma vijiti, kiota cha ndege, na ndala moja ya Redio iliyokuwa imesahaulika kule tangu juzi.

Redio alikuwa jirani wa Cherehani, ukuta kwa ukuta. Aliitwa hivyo kwa sababu habari zilimfikia yeye kabla hazijatokea.

"Jamani, ndala yangu!" akapiga kelele.

"Imeshachumwa hiyo," Cherehani akamwambia. "Kainywe mjini."

Walicheka mpaka wakajishika mbavu. Ndipo meneja akapanda juu ya kreti ya soda kuhutubia. Meneja alikuwa bwana mwembamba mwenye viatu visivyojua tope, na alikuwa na tabia ya kuzungumza kwa huruma anapotaka kuuma. Akasema wao ni familia yake. Akasema familia ikikua, watoto huondoka nyumbani kwenda kujitegemea, na huo ni wakati wa furaha. Wanawake wenye wajukuu wakatazamana. Akasema vyumba viwe vimeachwa wazi mwisho wa mwezi, kwani vitabomolewa kupisha maegesho ya mashine. Kisha, kwa shukrani, kila mmoja akapewa pakiti ya chai daraja la kwanza.

Unga ukawa umemwagika hivyo, watu bado wana povu la soda mdomoni.

Chai ile ya daraja la kwanza hawakuwahi kuinywa maishani mwao. Wao walikunywa vumbi, yale masalia yanayofagiwa chini kiwandani, na waliyapenda. Juu ya pakiti kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye tenga mgongoni. Amevaa nguo nyeupe pe, hana tope hata kwenye kisigino, meno yote yapo, na anachuma kwa mkono mmoja huku amemkazia macho mnunuzi.

"Huyu hajachuma hata siku moja," Redio akatoa hukumu. "Anachuma huku anatutazama sisi! Angekuwa chini ya Haraka huyu, angekiona cha mtema kuni."

Haraka alikuwa nyapara wao. Miaka nenda rudi alisimama kichwani mwa mstari akipaza sauti, "Haraka! Haraka, jua linapanda!" mpaka neno likawa jina, na nadhani hata mkewe alimwita hivyo. Siku ile naye alipewa pakiti yake, akaishika kwa mikono miwili, asijue kama ni zawadi au notisi.

Wakaanza kufunga virago. Lori la kampuni lilikuja kila siku, likapakia vitanda, masufuria, kuku na watu, likawashusha stendi ya mji, kila mmoja ajue lake. Mistari ikaanza kuwa na mapengo. Usiku ule ukuta wa upande wa kulia ulipokaa kimya, mama mkwe aligonga mara mbili kwa kisigino, kama alivyozoea kumgongea jirani wa upande ule, maana Redio alikuwa wa kushoto, na hakuna aliyejibu. Alijifunika tu.

Wiki hiyohiyo wakaja wageni. Kampuni ilikuwa imeigeuza nyumba kuukuu ya mlimani kuwa hoteli, na wageni walikuja na kofia zao pana ili waione chai inakotoka. Wakapelekwa kwenye mashine. Wakaitazama. Wakamtazama kijana aliyeziba masikio. Kisha mama mmoja mgeni akatoa pakiti mkobani, akaigonga kwa ukucha na kuuliza: huyu yuko wapi?

Wakaelezwa kwamba huyu ni picha. Hawakuelewa. Wakaelezwa habari za maendeleo. Hawakutaka. Mama yule akasema ameinywa chai ile miaka yote kwa sababu ya mwanamke yule, amesafiri siku nzima kuja kumwona, na hawezi kurudi nyumbani kusema amekutana na trekta. Akalia kabisa, machozi ya kweli. Wengine wakadai warudishiwe nauli.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Meneja alishuka mlimani mbio, viatu vyake vikajua tope kwa mara ya kwanza, akaingia kwenye mistari na pakiti mkononi. Akawasimamisha wanawake waliobaki, kila mmoja mbele ya mlango wake, akawa anapita akilinganisha.

"Geuka. Tabasamu. Geuka tena. Hapana."

Redio alikuwa bado hajaondoka, lori lake lilikuwa la kesho. Alipofikiwa akatabasamu kwa nguvu zake zote.

"Una pengo," meneja akasema.

"Meneja, pengo hili nililipata humuhumu shambani kwako, nilipoanguka na tenga."

"Pole sana. Mwanamke wa kwenye pakiti ana meno yote."

Alipofika kwa Cherehani, alimzungusha kama mtu anayenunua mtungi. Mbele, hapana. Kulia, hapana kabisa. Kushoto, akaisogeza pakiti karibu na shavu lake, akasogea nyuma, akafumba jicho moja.

"Huyu, upande wa kushoto," akasema.

Wakachaguliwa wanawake sita. Wangevaa nguo nyeupe, wangesimama katika kipande kidogo cha mteremko chini ya hoteli, wangechuma mbele ya wageni, na vyumba vyao havingeguswa. Mama mkwe alipoambiwa, aliinua mikono juu akamshukuru Mungu kwa kumpa mkwe mwenye shavu la kushoto. Kesho yake Redio akapanda lori na kitanda chake. Alimkumbatia Cherehani, akamwambia, "Kaa kushoto kushoto, somo, usije ukageuka." Wakacheka, lakini lori lilipokata kona Cherehani alikaa chini palepale barabarani na kushika tama. Alikuwa ameokoka, na aliona aibu kuokoka.

Siku ya kwanza ya maonyesho, waliambiwa wawe shambani mapema. Wageni walikuwa bado wanakunywa chai hotelini. Cherehani aliona michai imejaa, majani yanang'aa kwa umande. Hakukusudia ubaya. Aliikaribia tu, mikono ikaanza, na kichwa kikaenda zake kumfikiria Redio. Aliposhtuka, alikuwa amefika ukingoni. Kipande chote kilikuwa kitupu, hakina jani la kuchuma, na tenga limejaa hadi linamwagika. Wenzake watano walikuwa bado wanafunga vilemba.

Kule juu wageni wakaanza kuteremka, kamera shingoni.

"Umefanya nini?" Haraka akamnong'oneza, macho yamemtoka pima. Naye pia alikuwa amerudishwa kazini kwa ajili ya maonyesho. "Dada yangu, umemaliza chai!"

"Si kazi yangu?"

"Ilikuwa!"

Basi Haraka akamwaga tenga, wakaanza wote saba kuyarudisha majani juu ya michai kwa mikono, wakiyatandaza yaonekane yameota. Wageni walipofika, wanawake wakawa wanaokota yaleyale waliyoyatandaza, na wageni wakapiga picha wakisema jinsi kazi ilivyo ya asili. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Tangu hapo amri ikabadilika. Chai isichumwe. Ishikwe, mtu atabasamu, kisha aiachie. Kipande kilikuwa kidogo na wageni walikuwa wengi, kila jani lilitakiwa kutumika mara nyingi. Na Haraka, yuleyule Haraka, akawa anasimama kichwani mwa mstari, mikono nyuma, akisema kwa sauti ya kubembeleza, "Polepole, kina mama. Polepole. Jua bado lipo." Neno lilikuwa linamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mara mojamoja alijisahau akapiga kelele ya zamani, na wanawake wote wakaruka, wakachuma, na maonyesho yakaharibika.

Wenzake walizoea. Cherehani alishindwa. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Alishika jani akanuia kuliacha, na jani likaingia tengani. Alitabasamu upande wa kushoto, na upande wa kulia mkono ukaiba. Akisema leo nitatulia, ndiyo siku anayomaliza mstari.

Nyumbani mama mkwe akachukua jukumu la kumfundisha upya, safari hii kinyume. Alimvalisha soksi mikononi. Akamwekea sinia la mchele achambue punje moja moja, kwa pumzi moja moja, naye akiwa ameketi kitandani na mkongojo wake, tayari kuchapa.

"Vuta pumzi. Shika punje. Iangalie. Iulize hali yake. Sasa iweke."

"Mama, huu mchele tutaula lini?"

"Nyamaza. Umeshamaliza tena? Wewe mtoto umelogwa na nani?"

"Na wewe, mama. Si wewe uliyenichapa vidole?"

Mama mkwe alimimina mchele upya kwenye sinia, akaanza tena.

Ikafika asubuhi Haraka akaja mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa ameleta maneno ya meneja, na hakuyapenda. Wageni walikuwa wamelalamika. Picha za wenzake zilitoka vizuri. Picha za Cherehani uso upo, tenga lipo, lakini kwenye mikono pana ukungu tu. Mgeni mmoja alisema amelipa kuona mikono akaonyeshwa ukungu.

"Meneja amesema leo ndiyo mwisho," Haraka akasema. "Ukichuma tena, basi. Na chumba basi. Nisamehe, dada yangu. Mimi nilikupigia kelele miaka yote hiyo uende mbio."

Cherehani alipanda mlima akijishika kidole kimoja baada ya kingine, kama mama anayewaonya watoto kabla ya kuingia nyumba ya watu. Mama mkwe naye hakuweza kukaa. Alichukua mkongojo akamfuata nyuma, magoti yakilia, akisimama kila hatua chache kuyatukana. Alipofika kwenye mteremko, wageni walikuwa tayari wamejipanga, meneja yupo, na Cherehani yupo mbele, kushoto kumegeuzwa vizuri, tabasamu limebandikwa. Na mikono inakwenda. Tenga lilikuwa nusu. Mwenyewe hana habari.

"Wewe!" mama mkwe akapaza sauti. "Mikono hiyo!"

Akampita meneja, akampita Haraka, akamvua mkwe wake tenga na kulitundika mgongoni pake, vazi lake kuukuu la kuchumia likiwa limeliwa na jiko pindoni. Akamsukuma kando. "Hivi! Nimekwambia hivi!" Akapeleka kidole kimoja kilichopinda kwenye mchai. Kidole kikatafuta jani. Kikalikosa. Kikalitafuta tena. Likapatikana, likashikwa, likaulizwa hali yake, likavunjwa, na safari ya kulipeleka tengani ikaanza. Ungeweza kunawa uso ukarudi ukaikuta bado njiani. Akamaliza, akawatazama wageni kwa hasira ya kweli, kwa kuwa walikuwa wamekaa bure saa za kazi.

Kamera zote za wageni zikaanza kwa pamoja. Wakamzunguka, wakapiga magoti mbele yake kwenye tope. Mgeni mmoja mwenye ndevu akainua pakiti juu, sauti ikimtetemeka: ndiye huyu, tumempata! Bibi hakufanana na picha ile hata kwa masikio. Mwanamke wa kwenye pakiti alikuwa na meno yote, yeye alikuwa nayo mawili, na hayakuwa jirani.

Meneja hakupoteza muda. "Bibi, unaitaka kazi?"

"Kazi gani?"

"Hiyohiyo."

"Na chumba?"

"Chako."

Ndivyo mama mkwe alivyoajiriwa upya, uzeeni, kwa kazi aliyoachishwa kwa kushindwa kuiweza, na sababu ya kuajiriwa ni kwamba haiwezi. Cherehani alisimama pembeni, majani matatu bado yamebaki kiganjani.

"Na mimi?" akauliza.

Meneja akarudisha ile sauti ya huruma. Chumba sasa ni cha bibi. Bibi anaruhusiwa mtoto mdogo au mzee asiyejiweza. Akamtazama Cherehani mikono, kuanzia bega hadi vidole.

"Wewe unajiweza sana," akasema. "Hilo ndilo tatizo lako."

Jioni hiyo wakafungua pakiti ya daraja la kwanza, kwa kuwa hapakuwa na sababu tena ya kuitunza. Mama mkwe alionja, akatikisa kikombe, akaonja tena.

"Ndiyo hii? Watu wanasafiri siku nzima kwa ajili ya hii? Haina hata rangi."

"Vumbi letu ni tamu zaidi," Cherehani akasema.

Virago vyake havikuwa vingi. Nguo, sufuria dogo, godoro lake alilolikunja na kulifunga kamba. Alikuwa anamwonyesha mama mkwe mahali pa kila kitu: chumvi hii hapa, dawa ya magoti hii hapa, bomba usiende mapema kuna utelezi. Mama mkwe alikuwa amemkazia macho kama mtu anayefanya hesabu ngumu. Kisha akasimama, akaushika mkongojo wake, akauegemeza kizingitini na kuukanyaga. Ukapasuka. Akatia vipande jikoni.

"Mama! Utatembeaje?"

"Chai imepoa," mama mkwe akasema. "Nataka kuipasha moto."

Asubuhi lori lilikuwa mlangoni. Godoro la Cherehani lilikuwa limeshapakiwa na mwenyewe ana mguu mmoja kwenye ngazi, Haraka alipokuja akihema.

"Bibi! Wageni wamejaa, wanakuuliza wewe tu. Twende."

Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini, amevaa vazi lake, tenga mapajani.

"Siwezi. Sina mkongojo."

"Nitakukatia mwingine sasa hivi, miti yote hii."

"Mimi siegemei kila mti, bwana nyapara. Nina mkongojo wangu niliouzoea." Akanyoosha kidole kilichopinda kuelekea lori. "Huyo hapo, mmempakia."

Haraka akageuka. Cherehani akabaki hapohapo kwenye ngazi, mguu juu mguu chini. Dereva akazima gari ili asikie vizuri.

"Bibi, huyo ni mtu."

"Nani kasema? Meneja kasema si mchumaji. Kasema si mtoto, kasema si mzee, kasema si tegemezi. Basi niambie wewe ni nini."

Honi ya basi la wageni ikalia kule juu, kisha ikalia tena. Haraka aliitazama njia ya mlimani, akaitazama ile mistari iliyobaki na mapengo, milango ya kijani iliyo wazi bila mtu ndani. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kupiga kelele asiyekuwa na wa kumpigia. Nadhani siku ile ndiyo mara yake ya kwanza kufikiri polepole.

"Vifaa vya kazi ni madaraka yangu," akasema hatimaye. "Tenga, vazi, mkongojo. Meneja haviulizi. Na kifaa hakihitaji chumba. Kifaa kinalala alipo mwenye nacho."

"Umeona?" mama mkwe akasema.

"Ila kifaa hakichumi, dada yangu." Sasa alikuwa anamwambia Cherehani, na alikuwa anamsihi. "Mkongojo ukichuma, tumekwisha sote watatu. Umenielewa?"

Cherehani alitaka kukasirika. Mwanamke mzima, mikono iliyojaza kiwanda, leo anaambiwa ni kipande cha mti. Lakini alimwona yule mzee kizingitini, mdomo umebana kwa woga ambao hakuwahi kuuonyesha maishani. Akashuka. Dereva akamtupia godoro lake. Mama mkwe akaweka mkono mzima begani pake, uzito wote, akasema kwa sauti kubwa, "Simama wima, mkongojo gani huo unaoinama?" Wakaanza kupanda.

Na hivyo ndivyo alivyo hadi leo. Kila asubuhi anampandisha mama mkwe mlimani, anasimama kando yake, mikono chini, naye hatabasamu, kwani mkongojo hauna upande wa kushoto. Wageni humwomba asogee asiwazibe picha. Mlima wa pili mashine inanguruma, inachuma ndege na ndala za watu. Vidole vyake havikupata habari. Vinachuma pindo la gauni, uzi baada ya uzi, na gauni zake zote sasa ni fupi upande mmoja.

Siku moja mawingu yalifunguka, na wageni wote wakageuka kwa pamoja kupiga picha bonde. Haraka naye akageuka. Sijui kama kwa bahati. Mama mkwe hakuinua kichwa kutoka kwenye mchai wake.

"Hawatazami," akasema chini chini. "Chuma."

"Mama, nimekatazwa."

"Chuma moja tu, mwanangu. Mimi nitakuficha."

Akajisogeza mbele na vazi lake pana, akamkinga. Cherehani alinyoosha mkono, ule uliokuwa ukienda bila yeye. Chipukizi lilikuwa pale, majani mawili pembeni yake, umande bado haujakauka. Akalitazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alichuma polepole, akilisikia likivunjika kwenye kidole, na machozi yakamtoka bila kuyazuia.

Akalitia kwenye tenga la mama mkwe wake. Wageni walipogeuka, mkongojo ulikuwa mahali pake.